Wakili Bila Ofisi: Nyaraka Binafsi za Watu wa Dhamana katika Mwambao wa Vamizi na Tungi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza aina ya nyaraka ambazo katika miji mikubwa huitwa nyaraka binafsi za wakili mfadhili, na kuuliza kazi hiyo ilifanywa na nani katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, ambako kisiwa cha Vamizi kipo. Hoja kuu ni kwamba kazi za utetezi, usuluhishi, ulinzi wa mali ya yatima na utoaji wa sadaka ya kudumu zilifanywa na masheikh, wakuu wa miji na waandishi wao, na kwamba zilizaa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hata hivyo, fungu moja tu la maandishi hayo liliingia katika hifadhi ya serikali, nalo ni barua zilizopelekwa kwa wenye mamlaka. Matokeo yake, historia ya mwambao huu imesomwa kama historia ya watu wanaoomba. Makala yanapendekeza namna ya kuyatafuta mafungu mengine, hasa baada ya vita vilivyoanza mwaka 2017.

1.0 Utangulizi

Wakili wa mjini aliyejitolea kwa ajili ya jamii yake huacha, anapofariki, makasha ya karatasi. Ndani yake, kwa kawaida, mna mafungu manne. La kwanza ni barua za utetezi, yaani zile alizoandika kwa niaba ya watu mbele ya mahakama na serikali. La pili ni hati za mali: mirathi, madeni, rehani na mikataba aliyoishuhudia au kuitunza. La tatu ni kumbukumbu za hisani, kama vile hesabu za shule, zahanati au nyumba ya ibada aliyoisaidia. La nne ni barua za nyumbani. Maktaba au chuo kikuu kinapoyapokea makasha hayo yakiwa kamili, mtafiti humwona mtu mzima: anayetetea, anayegawa haki, anayetoa na anayependa.

Vamizi ni kisiwa chembamba, chenye urefu wa takribani kilomita 12, katika sehemu ya kaskazini ya visiwa vya Kirimba. Kiko kati ya rasi ya Cabo Delgado upande wa kaskazini na mji wa Mocímboa da Praia upande wa kusini, na kimekuwa makao ya wavuvi na kituo cha vyombo vinavyopita kati ya Ibo na pwani ya Kilwa. Hapakuwa na ofisi ya wakili hapo, wala katika miji midogo iliyokielekea barani. Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba, kwa kuwa hapakuwa na ofisi, basi hapakuwa na kazi, au kwamba kazi hiyo haikuacha maandishi.

2.0 Neno wakili na maana yake pwani

Neno wakili liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu muda mrefu kabla ya kuwapo kwa mahakama za kikoloni. Maana yake ya msingi ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Katika ndoa, wakili husimama badala ya asiyekuwapo. Katika biashara, wakili hupokea shehena, hulipa deni na kuandika hesabu. Katika mirathi, hushika mali ya mtoto mpaka akue. Matumizi ya leo, ya mtu aliyesomea sheria na kusajiliwa, ni tawi moja tu la mti huo.

Anayeshika jambo la mwenziwe alihitaji vitu viwili: kuaminiwa na kujua kuandika. Ndiyo maana katika miji ya Waswahili kazi hiyo iliwaangukia watu wa chuoni, yaani walimu wa Kurani, makadhi na waandishi wa wakuu. Mtu mmoja angeweza asubuhi kufundisha watoto, adhuhuri kugawa mirathi, na jioni kuandika barua ya mkuu wa mji kwa gavana. Kazi ya hisani ilikuwa ndani ya kazi hiyo hiyo. Sheria ya wakfu, ambayo humwezesha mtu kutoa shamba, nyumba au kisima ili faida yake iende msikitini au kwa maskini daima, ilihitaji msimamizi, mashahidi na hati. Uzito wa taasisi hiyo ulionekana pale serikali za kikoloni zilipoona haja ya kuitungia sheria: Kenya mwaka 1900 na Zanzibar mwaka 1905. Upande wa Wareno, mwambao wa Cabo Delgado ulibaki nje ya mipango hiyo ya tume za wakfu, na shughuli zake ziliendelea chini ya uangalizi wa masheikh na familia.

3.0 Mazingira ya kihistoria

Visiwa vya Kirimba vilikuwa sehemu ya ulimwengu wa Waswahili kabla ya Vasco da Gama kupita mwaka 1498. Biashara yao ilielekea kaskazini, Kilwa na Zanzibar, na lugha ya wenyeji wa visiwa, Kimwani, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wareno walijijenga visiwani humo katika karne ya 16. Mmishenari Mdominiko João dos Santos, aliyeishi Kirimba katika miaka ya 1590, aliwaeleza wenyeji wake katika kitabu alichokichapisha Évora mwaka 1609. Katika karne ya 18 mji wa Ibo ukawa makao ya utawala wa Wareno katika eneo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19 visiwa vilipata pigo la mashambulizi ya Wasakalava kutoka Bukini, waliokuja kwa ngalawa nyingi na kuchukua watu utumwani.

Vamizi, kilichoko takribani kilomita 150 kaskazini mwa Ibo, kilikuwa ukingoni mwa utawala huo. Jirani yake wa kaskazini ilikuwa ghuba ya Tungi, yenye sultani wake, ambayo Zanzibar na Ureno zote zilidai kuwa mali yao. Mgogoro huo uliamuliwa kwa karatasi na mizinga ndani ya miezi michache. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Novemba 1886 uliitambua pwani ya Sultani wa Zanzibar kuanzia mto Miningani, katika ghuba ya Tungi, hadi Kipini. Tarehe 30 Desemba mwaka huo huo, Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mto Ruvuma ndio mpaka wao. Februari 1887 Wareno waliishambulia Tungi kwa manowari na kuitwaa. Baadaye, mwaka 1894, Wajerumani waliichukua Kionga, kusini mwa Ruvuma, na Ureno ikairudisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tangu miaka ya 1890 hadi 1929 eneo lote lilikuwa chini ya Companhia do Nyassa, kampuni iliyopewa na Ureno haki ya kutawala na kutoza kodi. Kwa mkazi wa visiwani, basi, katika muda wa maisha ya mtu mmoja mamlaka ya kushtakia yalibadilika mara kadhaa: sultani wa Tungi, gavana wa Ibo, liwali wa Zanzibar, kisha ofisa wa kampuni. Kila badiliko lilihitaji mtu wa kuandika barua mpya kwa bwana mpya. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wakili asiye na ofisi.

4.0 Fungu la kwanza: barua zilizopelekwa

Hifadhi ya Historia ya Msumbiji, Arquivo Histórico de Moçambique, iliundwa mwaka 1934 na leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane jijini Maputo. Miongoni mwa majalada yake ya karne ya 19 mna mamia ya barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na watu wa kaskazini. Mwanahistoria Liazzat Bonate ndiye aliyezitangaza kwa wasomi wa leo, kupitia makala zake za mwaka 2008 na 2010, na alionyesha kwamba lugha ya barua nyingi ni Kiswahili chenye athari za lugha za wenyeji. Katika makala ya mwaka 2016 alizichambua barua mbili za Cabo Delgado: moja ya Bwana Shaki bin Abdulatifu wa Quissanga, na nyingine ya Mwaliya, mkuu wa Wamakua wa Meto. Uteuzi huo una funzo. Quissanga ni mji wa pwani wa Waislamu, ilhali Meto iko bara. Uandishi wa hati za Kiarabu, basi, ulikuwa chombo cha siasa na biashara hata mbali na bahari.

Umbo la barua za aina hii linafahamika kwa yeyote aliyesoma barua za kale za Waswahili, kama zile alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892. Huanza kwa kumtaja anayeandikiwa pamoja na sifa zake, hufuata salamu ndefu, halafu neno wabaadu hufungua habari yenyewe, na mwishoni huja jina la mwandikaji na tarehe. Ndani ya umbo hilo, mwenye kuandika alikuwa na nafasi ya kufanya kazi ya kisheria halisi. Aliweza kueleza shauri, kutaja mashahidi, kukumbusha ahadi ya zamani na kuomba hukumu. Salamu nyingi hazikuwa pambo tupu. Zilikuwa njia ya kumweka mpokeaji katika uhusiano ambao ungemwia vigumu kuuvunja, kwa maana aliyeitwa rafiki na mlinzi hadharani hupata taabu kukataa haki.

Hata hivyo, barua hizi ziliokoka kwa sababu moja tu: zilipokelewa ofisini. Gavana alizipata, mkalimani akazisoma, karani akaziweka. Zimepangwa kwa kufuata ofisi iliyozipokea, na si kwa kufuata mtu aliyeziandika. Anayetaka kumjua Bwana Shaki kama mtu hana budi kumtafuta ndani ya jalada la utawala wa Ureno. Aidha, kwa kuwa zilikwenda kwa mwenye nguvu, zote zina sauti ya anayehitaji jambo. Nancy Hafkin katika tasnifu yake ya mwaka 1973, na Edward Alpers katika kitabu chake cha mwaka 1975, walionyesha kwamba wakuu wa pwani hii walikuwa na siasa zao na biashara zao wenyewe, na hawakuwa vibaraka wa mtu. Lakini msomaji anayeishia kwenye barua zilizopelekwa huona shingo zilizoinama tu.

5.0 Mafungu matatu yaliyobaki majumbani

Mafungu mengine matatu hayakuwa na sababu ya kwenda Ibo wala Maputo. Hati ya mirathi ilibaki kwa warithi. Hati ya wakfu ilibaki kwa msimamizi wa msikiti. Barua ya nyumbani ilibaki kwa mama au mke aliyeandikiwa. Mahali pake palikuwa kasha, mfuko wa ngozi, au kati ya kurasa za msahafu.

Kwamba mafungu haya yanaweza kuokoka na kuheshimiwa kunathibitishwa na mfano wa Tanga, mji wa mwambao huo huo upande wa Tanzania. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, kadhi na mwana wa mtunzi Hemed bin Abdallah, alikuwa mwanasheria wa mji katika maana kamili ya neno. Ujuzi wake wa kugawa urithi uliandikwa katika kijitabu cha Mirathi, kilichochapishwa mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya P. E. Mitchell. Kijitabu chake cha pili, Nikahi, kuhusu sheria ya ndoa, kilitoka mwaka 1959 kwa tafsiri ya J. W. T. Allen. Allen huyo huyo alizunguka pwani akikusanya na kupiga picha miswada iliyokuwa majumbani, na orodha ya mkusanyo wake, uliowekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ilichapishwa mwaka 1970.

Tofauti kati ya Tanga na Vamizi haikuwa tofauti ya elimu. Ilikuwa tofauti ya nani alikuja kubisha hodi. Tanga ilitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, ambao kwa sababu zao wenyewe walitumia Kiswahili katika ofisi na shule, na makadhi wakapewa nafasi katika mfumo wa mahakama. Maandishi ya Kiswahili yalikuwa na thamani kwa serikali, hivyo yalitafutwa. Upande wa Ureno, lugha ya shule na ofisi ilikuwa Kireno peke yake. Mtu aliyesoma chuoni na kuandika Kiswahili kwa ustadi alihesabiwa katika takwimu za serikali kuwa hajui kusoma. Aliyehesabiwa kuwa hajui kusoma hakutazamiwa kuwa na nyaraka, na nyumba yake haikuulizwa.

Matokeo ya hali hiyo yanaonekana katika masimulizi ya historia. Watu wa Tanga wanajulikana kwa sheria walizozitumia wao kwa wao. Watu wa Vamizi na Tungi wanajulikana kwa malalamiko yao kwa wageni. Pande zote mbili zilikuwa na makadhi, mirathi na wakfu. Kilichotofautiana ni fungu lililohifadhiwa.

6.0 Vita, uhamisho na ushahidi

Suala hili limeacha kuwa la wahifadhi peke yao. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado na kubomoa nyumba nyingi, Ibo na Quissanga zikiwemo. Tayari tarehe 5 Oktoba 2017 mashambulizi ya silaha yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia. Mwezi Machi 2020 Quissanga ilivamiwa. Mwezi Agosti mwaka huo Mocímboa da Praia ilitekwa, na ilikaa mikononi mwa waasi kwa mwaka mmoja. Mwezi Septemba 2020 vita vilifika visiwani: Vamizi kilishambuliwa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Zaidi ya watu nusu milioni katika mkoa huo waliyahama makazi yao. Mtu anayekimbia kwa mashua usiku huchukua watoto, maji na chakula. Kasha hubaki.

Kinachopotea pamoja na kasha ni zaidi ya kumbukumbu ya familia. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997, namba 19/97, inasema ardhi ni mali ya dola, lakini inaitambua haki ya matumizi ya jamii zinazoikalia kwa kufuata mila, hata zisipokuwa na hati iliyosajiliwa. Inakubali pia ushahidi wa mdomo wa wanajamii kuwa uthibitisho. Ni sheria yenye busara, iliyotungwa kwa kufahamu kwamba wanavijiji wengi hawana karatasi za serikali. Lakini ushahidi wa mdomo hutegemea mashahidi kuwa pamoja na kukumbuka pamoja: huyu alipanda mnazi ule, yule alizikwa pale, kisima hiki kiliwekwa wakfu na fulani. Watu wanapotawanywa Pemba, Nampula na ng'ambo ya Ruvuma, ushahidi huo hutawanyika nao. Na hayo yanatokea katika eneo ambalo thamani ya ardhi na bahari yake imepanda sana, tangu kugunduliwa kwa gesi katika bonde la Ruvuma mwaka 2010 na kuanzishwa kwa hoteli za kitalii visiwani.

Hapo ndipo barua kuukuu ya mirathi, inayotaja minazi na mipaka yake, inapokuwa na kazi ileile iliyokuwa nayo ilipoandikwa. Inamsemea asiyekuwapo. Karatasi yenyewe huwa wakili.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanafaa kufanywa. Kwanza, barua zilizoko Maputo ziorodheshwe upya kwa majina ya waandikaji, miji yao na mashauri waliyoyatetea, bila kuvuruga mpangilio wa majalada asilia. Orodha ya namna hiyo itamwezesha mtu wa Quissanga au Tungi, aliye zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Maputo, kumtafuta babu yake kwa jina badala ya kumtafuta kwa jina la gavana.

Pili, usomaji wa barua hizo uwashirikishe wasemaji wa Kimwani, Kimakonde na Kimakua pamoja na wataalamu wa Kiswahili wa Tanzania, Kenya na Zanzibar. Hati za Kiarabu haziandiki irabu na konsonanti zote za lugha za Kibantu bayana, na neno ambalo msomaji wa Unguja atalisahihisha kuwa kosa huenda likawa Kimwani sahihi kabisa.

Tatu, na hili ndilo la haraka, nyaraka zilizobaki majumbani zipigwe picha popote wenyewe walipo, kambini au kwa jamaa, na asili ibaki mikononi mwa wenye mali. Historia ya pwani ina mifano ya kutosha ya miswada iliyoazimwa na wageni isirudi. Familia iliyopoteza nyumba isiombwe kutoa pia kasha. Kila hati inapopigwa picha, maelezo ya mwenyewe yarekodiwe pamoja nayo, kwa maana sheria yenyewe imeyapa maneno hayo uzito wa ushahidi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwambao wa Vamizi na Tungi ulikuwa na watu waliofanya kazi za wakili na mfadhili bila ya kuwa na jina hilo mlangoni. Walitetea, waligawa, walitoa wakfu, na waliandika. Barua walizopeleka kwa wenye nguvu zimetunzwa na wenye nguvu, na kwa sababu hiyo taswira yao iliyobaki ni ya waombaji. Taswira hiyo si ya uongo, ila ni robo ya mtu. Robo tatu nyingine ni za mwamuzi, mtoaji na mzazi, na ziliachwa katika makasha ambayo baadhi yake yameungua na mengine yamebebwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Vamizi walikuwa na daftari lao. Kazi iliyobaki kwa wanataaluma wa Kiswahili ni kulifuata lilipo, wakati wanaoweza kulisoma na kulieleza wangali hai.